Akiba haiozi: kuirudia lugha uliyoiacha shuleni

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mama wa miaka 45, mhasibu katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Kiingereza nilikisoma sekondari, nikapata diploma yangu mwaka 1998, na tangu hapo sikukigusa tena, kwa kuwa kazi zetu zote zilifanyika kwa Kifaransa na Kiswahili. Siku hizi wanunuzi wanaokuja kuonja kahawa wanazungumza Kiingereza, barua zao ni za Kiingereza, na mimi ninayeshika hesabu hukaa kimya mezani nikingoja kijana wa miaka 24 anitafsirie bei ya kahawa ninayoijua kuliko yeye. Mara tatu nimenunua kitabu na kuanza upya ukurasa wa kwanza, na mara zote tatu nimekwama kabla ya ukurasa wa arobaini. Je, umri umeshanipita? Nyumbani umeme ni wa kubahatisha, mega za simu ni ghali, na nikishawalaza watoto nabaki na nusu saa tu.

Mhasibu, Ibanda, Bukavu

JIBU

Dada mpendwa, nianze na huo ukurasa wa kwanza, kwa maana nadhani ndio uliokukwamisha mara zote tatu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kulisikia neno moja la Kiingereza. Wewe si mtu huyo. Unaposoma tena salamu, siku za wiki na rangi, sehemu moja ya akili yako inachoka kwa sababu inayajua, na sehemu nyingine inaona aibu kwa sababu haiwezi kuyasema haraka. Mtu mzima mwenye nusu saa usiku hawezi kuishi muda mrefu kati ya uchovu huo na aibu hiyo. Kitabu ulikiacha kwa haki kabisa.

Wahenga walisema akiba haiozi, na katika jambo hili neno akiba ndilo hasa linalofaa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba orodha aliyokuwa ameisahau, hata asiweze kuitaja, ilimchukua muda mfupi kuikariri kwa mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Tofauti ya muda ndiyo aliyoipima, akaiita akiba. Yaani kitu kinaweza kutoweka ulimini na bado kikawa kimeacha njia yake, kama mfereji uliokauka ambao maji yakirudishwa huufuata bila kuchimbiwa upya.

Karibu miaka 100 baadaye, Mmarekani Harry Bahrick aliuliza swali linalofanana zaidi na lako. Aliwapima watu 733 waliokuwa wamesoma au walikuwa wanasoma Kihispania, baadhi yao wakiwa wameacha masomo hayo miaka 50 iliyopita, na mwaka 1984 akaeleza alichokiona: miaka mitatu hadi sita ya mwanzo mtu hupoteza mengi, kisha upotevu karibu unasimama, na kile kilichobaki hukaa bila kupungua sana hadi miaka kama 30. Kiasi kinachobaki kilitegemea jinsi mtu alivyojifunza vizuri mwanzoni. Hesabu basi mwenyewe, wewe uliye mhasibu: tangu 1998, miaka yako ya hasara ilikwisha zamani, na kilichosalia leo ndicho kilichokuwa kimesalia ulipokuwa na miaka 25. Kungoja hakukukupunguzia mengi kama unavyodhani.

Niruhusu nikueleze na la kwangu. Nilikuwa na miaka 41, nikisafiri kwa boti kutoka Bukavu kwenda Goma, na Kiingereza sikukitumia kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Jirani yangu, mfanyabiashara kutoka Uganda, aliniuliza kwa Kiingereza kama boti ingesimama Idjwi, au kama kile kisiwa tulikuwa tunakipita tu. Swali nililielewa lote. Nilipotaka kumjibu kuhusu kisiwa, neno lilikataa kabisa kutoka. Lilikuwapo kwa Kiswahili, lilikuwapo kwa Kifaransa, kwa Kiingereza palikuwa patupu, na mwishowe nilinyoosha kidole. Siku mbili baadaye, nikiwa nafua mashati, neno «island» lilinijia lenyewe, na si neno peke yake: nililiona limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa darasa langu, na ile «s» isiyotamkwa mwalimu wetu akiwa ameipigia mistari miwili. Niliacha mashati kwenye beseni nikakaa chini. Neno hilo halikuwa limekufa. Lilikuwa limekosa wa kuliita.

Kwa hiyo kuelewa na kusema ni kazi mbili, na wewe umepoteza ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Mezani, mnunuzi anaposema bei, nina hakika unaishika kabla kijana hajafungua kinywa. Mazoezi yako yote yaelekezwe huko kwenye kuita maneno, si kwenye kuyasoma na kusema «ndiyo, hili nalijua».

Kuhusu umri, nikujibu kwa uwazi. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia watu waliotoka nchi za Kiingereza wakahamia Uholanzi na kujifunza Kiholanzi, na mwaka 1978 walionyesha kwamba katika miezi ya kwanza waliotangulia walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima, si watoto wadogo. Mtoto humpita mtu mzima baadaye, kwa sababu ana siku nzima ya kucheza katika lugha hiyo, na matamshi yake huwa karibu zaidi na ya wenyewe. Pengine wewe hutatamka kama mtu wa London. Lakini mnunuzi wa kahawa hakuja kusikiliza lafudhi yako. Amekuja kujua kama mfuko wa 60 una kilo 60.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa kuna jambo ninalolipigania kila mwaka darasani: Kiingereza chako usikipitishe katika Kifaransa peke yake. Tulifundishwa hivyo sisi sote, mwalimu akitafsiri ubaoni kutoka lugha moja ya kigeni kwenda nyingine, na lugha tuliyonyonya nayo ikabaki nje ya mlango. Tazama mfano huu wa kazini kwako. Kwa Kifaransa, «j'ai payé» hubeba maana mbili: nimelipa na nililipa. Mkongomani anayetafsiri kutoka Kifaransa huandika «I have paid him yesterday», na Mwingereza huona kosa mara moja. Kiswahili kinakuepusha na kosa hilo bila kanuni yoyote ya sarufi. «Nimelipa» ni «I have paid». «Nilimlipa Jumatatu» ni «I paid him on Monday». Na «nimeshalipa» ni «I have already paid». Ukiuliza moyoni mwako kama ungesema -me- au -li-, mara nyingi sana utapata jibu sahihi la Kiingereza. Hakuna kitabu kilichotoka Ulaya kitakachokuambia hivyo, kwa kuwa hakikuandikwa kwa ajili ya mtu anayekijua Kiswahili.

Kifaransa nacho kina hazina yake, ila ni hazina ya msamiati. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi katika Kiingereza, hasa ya serikali, sheria na biashara, na ndiyo sababu mhasibu wa Bukavu anakuta nusu ya karatasi ya Kiingereza imejaa jamaa zake: mkataba, kiasi, ubora, malipo, hesabu, yote yana sura anayoitambua. Chukua faida hiyo bila kusita. Angalia tu wale ndugu wa uongo. Mmoja wao namtaja kwa sababu anaweza kukuharibia biashara: kwa Kifaransa «demander» ni kuomba kwa adabu, lakini kwa Kiingereza «demand» ni kudai kwa ukali. Ukimwandikia mnunuzi «I demand the documents» ukidhani unamwomba karatasi, umemgongea mlango kwa ngumi. Andika «could you please send us the documents», na uandike kadi ya sentensi hiyo leo hii.

Kadi nilizozitaja ni hizi. Tafuta katoni ya viatu, uigawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni nyingine, kisha ukate karatasi ngumu ziwe na ukubwa wa kiganja. Njia hii ilielezwa mwaka 1972 na Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani, nami sijapata nyingine inayomfaa zaidi mtu asiye na umeme wa uhakika, kwa kuwa mshumaa unatosha. Upande mmoja wa kadi andika sentensi nzima ya Kiswahili, ya maisha yako mwenyewe: «Magunia sitini yamefika, lakini kumi yameloa.» Upande wa pili: «Sixty bags have arrived, but ten of them are wet.» Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na huulizwa kila siku. Soma Kiswahili, ufumbe macho, useme Kiingereza kwa sauti ya kusikika, ndipo ugeuze. Ukipatia, kadi husogea chumba cha pili, ambacho mimi hukifungua kila siku ya tatu. Cha tatu ni kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano mara moja kwa mwezi. Ukikosea, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano, kadi inarudi cha kwanza. Inauma kuirudisha, lakini hapo ndipo kazi inafanyika.

Andika kadi tano kwa siku, si ishirini. Wanaoanza na ishirini huzikwa na kadi zao ifikapo wiki ya tatu. Na zisiwe maneno pweke. Neno lililotengwa na sentensi yake mezani halikuji, kwa sababu mezani hakuna anayekuuliza «gunia ni nini kwa Kiingereza».

Dakika nyingine kumi zipe masikio. Pakua rekodi fupi unapokuwa mahali penye mtandao wa bei nafuu, dakika tatu tu, uisikilize mara tano kwa siku mbili au tatu kabla ya kuibadilisha. Tafuta zile zinazosomwa polepole kwa wanafunzi. Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya namna hiyo mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 hivi, na kwa maneno hayo machache iliweza kueleza habari za dunia. Nakutajia idadi hiyo ili usitishwe na unene wa kamusi. Unaposikiliza, weka makini kwenye irabu, kwa kuwa Kiswahili chetu kina tano tu na Kiingereza kina nyingi zaidi; na kama wewe ni kati yetu tunaobadilishana l na r, jifunze kwa bidii tofauti ya «collect» na «correct», maana kukusanya fedha na kusahihisha fedha ni kazi mbili ambazo mhasibu hapaswi kuzichanganya mbele ya mgeni. Ile «th» inayotusumbua ipo katika Kiswahili cha pwani, katika «thelathini» na «dhahabu». Sisi wa Kivu wengi wetu tumeigeuza s na z. Msikilize mtangazaji yeyote wa Zanzibar akitaja hesabu, ulimi wako utaona mahali pa kukaa.

Utaniuliza itachukua muda gani. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza inayofanywa duniani kote, wanakadiria saa 350 hadi 400 za mafunzo kufika kiwango kinachoitwa B1, ambacho kwa maneno ya kawaida ni kuweza kujieleza katika mambo ya kazi na safari. Nusu saa kila siku ni saa zipatazo 182 kwa mwaka. Kwa anayeanza sifuri, hiyo ni miaka miwili. Wewe una akiba, kwa hiyo utapunguza, ingawa siwezi kukuhesabia ni kwa kiasi gani kabla sijakusikia ukisema. Anayekuahidi Kiingereza kwa miezi mitatu anakuuzia maneno. Lakini lipo jambo moja linalowezekana kabla ya msimu ujao wa kahawa: bei, uzito, tarehe, unyevu, idadi ya magunia na masharti ya malipo, yaani sentensi kama mia mbili ambazo wewe unazijua mapema kwa sababu kila mwaka ni zilezile. Zikusanye. Waulize wenzako mezani ni maswali gani wanunuzi huuliza daima, uyaandike kwa Kiswahili, na huyo kijana wa miaka 24, badala ya kuwa kinywa chako, awe mwalimu wako: mwombe akusahihishie kadi kila Ijumaa. Hakuna heshima unayoipoteza. Wewe utamfundisha kusoma mizania, naye hilo halijui.

Na siku mnunuzi atakapokuja, omba sehemu moja tu ya mazungumzo iwe yako, labda uzito, na kijana akae kimya hapo. Wengi hungoja wajue yote ndipo waseme. Hao hawasemi kamwe.

SWALI

Mwalimu, mimi ni dereva wa pikipiki, Goma. Nimeshika programu ya Kiingereza kwenye simu kwa siku 200 bila kukosa hata moja. Lakini abiria mgeni akiniuliza bei, nababaika. Tatizo ni mimi au ni programu?

JIBU

Ndugu yangu, siku 200 mfululizo ni kazi ya mtu mwenye msimamo, wala sikushauri uache. Tatizo ni kile unachofanyishwa. Mara nyingi programu hizo hukupa majibu manne na kukuomba uguse lililo sahihi. Hapo unatambua, lakini abiria hakupi majibu manne. Soma nilichomwandikia dada wa Bukavu juu ya kuelewa na kusema, kisha ufanye hivi: kabla ya kugusa jibu lolote, liseme kwa sauti bila kuangalia. Baada ya somo, zima simu, na kwa dakika tano jiulize na kujijibu safari zako za siku hiyo: kutoka Birere hadi Katindo ni kiasi gani, kwa nini leo bei imepanda, abiria ashike wapi, mzigo ukae wapi. Sentensi zako si zaidi ya arobaini. Zikishakaa mdomoni, ile programu itakupa maneno ya kuzipanua.

SWALI

Mwalimu, nina miaka 63, nimestaafu, naishi Lubumbashi. Binti yangu ameolewa Ndola, na wajukuu wangu, wa miaka 6 na 9, wanasema Kiingereza na Kibemba tu. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, lakini kilikuwa cha kusoma. Tukiongea kwa simu tunasalimiana, kisha tunanyamaza. Je, nianze darasa?

JIBU

Baba, darasa lingekufundisha kuandika barua ya kuomba kazi, na wajukuu wako hawana kazi ya kukupa. Kiingereza cha mtoto wa miaka 6 ni kingine: meno yanayong'oka, mbwa wa jirani, nani kamsukuma nani. Ni lugha ya vitenzi vifupi, na ndiyo inayokosekana kabisa kwa sisi tuliojifunza kwa vitabu.

Ni kweli kwamba umri ukisonga, neno huchelewa zaidi kufika ulimini, hata neno la lugha ya mama. Linachelewa, halipotei, basi tumia njia inayokuruhusu kuchelewa. Badala ya kupiga simu na kukabiliwa na ukimya, tuma ujumbe wa sauti. Utautayarisha asubuhi nzima ukitaka, utaurudia mara nne, na wao watausikiliza wanapotoka shule. Jibu lao nalo utalisikiliza mara kumi, na kila usiloelewa utamwuliza mama yao kwa Kiswahili. Kwa namna hiyo walimu wako ni wawili, wana subira, na hawakudai ada.

Anza na hadithi ya sungura na fisi, ile aliyosimuliwa binti yako alipokuwa mdogo, uikate vipande vya sentensi nne nne. Kila kipande kimalizie kwa swali, kwa mfano «What did the hare do?», uwaache wakuambie wao, mtoto akiulizwa hivyo hatajibu kwa neno moja, na katika jibu lake utapata vitenzi vyote unavyohitaji kwa kipande kinachofuata. Na ukipata siku ya kuvuka Kasumbalesa kwenda kuwaona, usimsimulie mkubwa. Mwambie mdogo akusimulie wewe, hadithi hiyo hiyo, tangu mwanzo.